Neno la Leo Lina F, V na K

Siku ile niliharibu mkono wa gauni la bibi harusi, nikaushona ndani nje, kwa sababu ya herufi tatu. Mama alikuwa amezituma asubuhi kwenye simu zetu, kama kawaida yake: "Neno la Kiingereza. Herufi tano. Zimo F, V na K. Haya, nawasubiri."

Mama alifundisha Kiingereza mpaka akastaafu, ila kustaafu kwenyewe hakukumwingia akilini. Darasa lilipomponyoka, akatugeuza wanafunzi sisi wanawe wawili, mimi na kaka yangu, yeye na kitambi chake, mimi na mvi zangu. Kila asubuhi anatupa herufi, sisi tunakuna vichwa. Sheria zake hazina msamaha: hakuna kamusi, hakuna kuchungulia mtandaoni, na ni mwiko kusema neno halipo. "Lipo," husema, "ila wewe hujalifikia." Anayepata anapewa alama ya vema. Anayekosea anapewa maneno, na Mama akikupa maneno utatamani angekuzaba kofi.

Kwangu mimi haukuwa mchezo tu. Kaka ni mhasibu, mtu wa kupanga mambo, na alikuwa ameanza kuniimbia wimbo mmoja: Mama asikae tena peke yake. Mara kasahau jiko linawaka, mara kamwita kaka kwa jina la marehemu baba. Ahamie kwake. Mama hataki hata kusikia. Nyumba ile ameijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, na aliniambia wazi kwamba siku akitolewa pale ndiyo siku atakayojiona mzee. Nami nilijifanya wakili wake. "Mtu anayetunga maswali ya kututoa jasho kila asubuhi," nilimwambia kaka, "ana akili timamu kuliko wewe." Ushahidi wangu wote ulikuwa huo.

Basi nikaanza kulitafuta lile neno. Niliandika kwa chaki ya kushonea juu ya meza ya kukatia vitambaa. Fever: F ipo, V ipo, K hakuna. Flake: K imepatikana, V imetoroka. Knave, haina F. Vodka nayo vilevile, na hiyo Mama angeniuliza nimeijulia wapi. Nikafuta kwa kiganja, nikaandika upya. Nikakaa kwenye cherehani, nikakanyaga kidogo, nikainuka tena. Bibi harusi akaja kupima gauni, akanikuta nimeinamia meza naongea peke yangu.

"Fundi, kwema kweli?"

"Kwema. Simama wima, usipumue sana."

Nikampima kiuno, nikasahau, nikampima tena, nikasahau tena. Alipouona ule mkono uliogeuka akafungua mdomo aseme. Nilimtazama kwa jicho ambalo mteja hastahili, akaufunga.

Simu ikalia. Kaka.

"Sindano," akasema. Ananiita hivyo tangu utotoni, kwa ajili ya ulimi wangu, si kwa ajili ya kazi. "Umelipata?"

"Kitambo. Nakuachia na wewe upate."

"Litume basi tulione."

"Nina mteja."

"Huna lolote wewe."

Nikamkatia simu. Nilikuwa na hasira naye, na huku najua hakunikosea kitu.

Alasiri akapiga tena, safari hii bila utani. "Nimechungulia mtandaoni. Usinipigie kelele. Nimetafuta kila mahali, hakuna neno kama hilo."

"Umevunja sheria."

"Dada, nisikilize. Halipo."

"Labda kidole kimeteleza. Herufi za simu yake zimebanana."

"Nimempigia nikamuuliza. Kazisoma zilezile, F, V, K, akaniambia mimi mvivu." Akashusha pumzi. "Nikitoka kazini napita kwake. Leo tunazungumza naye, upende usipende."

Nilifunga duka, gauni nikaliacha limelala mezani. Nilitembea haraka, nusura nikimbie, utepe wa kupimia ungali shingoni. Njiani nilisoma kila kibao cha duka, cha saluni, cha fundi simu, kana kwamba neno lenyewe lilikuwa limetundikwa mahali likinisubiri. Nilitaka nimfikie Mama kabla ya kaka. Nikishamfikia nifanye nini, sikujua.

Nilimkuta mezani, miwani puani, gazeti mbele yake. Nikachungulia jikoni: jiko limezimwa, vyombo vimeoshwa na kupangwa. Roho ikatulia kidogo.

"Umechelewa," akasema. "Umelipata?"

"Mama, hiyo K una uhakika nayo?"

"Nimefundisha watoto wa mji huu mzima, leo wewe ndiye unaniuliza uhakika?"

Nilifurahi kama mjinga. Mtu anayeweza kunifokea hivyo ana ugonjwa gani? Hapo ndipo wazo liliponijia: nimpe upuuzi. Nimwandikie takataka yoyote, anirarue kama zamani, kisha kaka akija nimwambie arudi alikotoka. Nikachukua kalamu, nikaandika pembeni mwa gazeti: FLOVK. Hata kulitazama ilikuwa aibu. Nikamsogezea, nikajikaza kupokea matusi.

Mama akalisoma kwa kidole, herufi mojamoja. Akafika mwisho, kidole kikarudi mwanzo, akasoma tena. Niliomba kimoyomoyo: sema hapana. Nitukane, Mama. Niite mjinga, niulize nani alikufundisha.

Akaichukua kalamu mkononi mwangu, akaweka vema, kubwa, iliyonyooka.

"Nilijua wewe ndiye utalipata," akasema, akitabasamu. "Kaka yako mvivu."

"Asante, Mama."

Mlango ukagongwa. Nikatoka nje na kuurudishia mlango nyuma yangu. Kaka alikuwa amekuja na maneno yake tayari, nilimwona akijaza kifua pumzi.

"Sindano, kabla hujaanza kunichoma..."

"Hicho chumba unachosema atakaa," nikamkata, "kina dirisha?"

"Kina. Linapata jua la asubuhi."

"Haya. Wewe usimwambie kitu. Niachie mimi."

Nikarudi ndani, nikavuta kiti mpaka magoti yetu yakagusana. Nikamshika mikono.

"Mama, inabidi uhamie kwa kaka."

Tabasamu lake likafutika. Akanitazama juu ya miwani, kwa macho makavu ya mwalimu.

"Ni yeye kakutuma?"

"Hapana, Mama. Ni mimi."