Blanketi la Tshibola

Kuna watu wanaoniambia, Mwadi, blanketi ni blanketi tu, hilo limechakaa na lina tundu katikati, nenda sokoni Manika ukanunue jingine, yamejaa tele yenye maua na simba. Siwajibu. Nikianza kuwajibu nitagombana nao, na nimeshagombana vya kutosha katika maisha haya.

Sisi wake na mabinti wa wafanyakazi wa migodi hapa Kolwezi tulikuwa na desturi yetu. Haikutoka kijijini kwa mtu yeyote. Ilizaliwa kwenye foyer ya kampuni, ile nyumba ambako masista waliwafundisha mama zetu kushona na kufuma. Pale mama wa Kasai na mama wa Katanga walikaa benchi moja, na watoto wao baadaye wakaoana. Basi ikawa hivi: mtoto wa kwanza akizaliwa, bibi wa upande wa mama anashona nusu ya blanketi kwa vipande vya nguo za watu wa nyumba yake, na bibi wa upande wa baba anashona nusu nyingine. Halafu wanaketi kwenye mkeka mmoja kuunganisha nusu zao. Mmoja anaanza mshono ncha hii, mwingine ncha ile, mpaka sindano zao zikutane katikati. Hapo uzi unakatwa, watu wanakunywa, na mtoto anafunikwa.

Kabla ya hapo ni mwiko. Mtoto akifunikwa na blanketi ambalo mishono yake haijakutana, atapotelewa na nyumba moja kati ya hizo mbili. Usiniulize nani alilisema kwanza. Lilisemwa, likaaminiwa, na sikumwona mama hata mmoja aliyethubutu kulijaribu.

Mama yangu, Adolphine, asili yake ni Kabongo, kaskazini mwa Katanga. Mama mkwe wangu, Ngalula, alizaliwa hapahapa Kolwezi na hakuwahi kukanyaga kwingine, ila baba yake alikuwa mtu wa Kasai, na mume wake vilevile. Wawili hao walikuwa marafiki tangu ujana, marafiki wa kuchokozana. Nilipokuwa na mimba, kila mmoja alikuwa akija kuchungulia kazi ya mwenzake.

“Adolphine, hii mushono yako inaenda sawa mulevi,” Ngalula alimwambia siku moja.

“Njo vile,” mama akajibu. “Mi nashona bulangeti ya mutoto. Weye unashona ya evêque.”

Na kweli, nusu ya Ngalula ilikuwa nzuri ya kumfaa askofu. Kulikuwa na bluu ya salopeti za kazi alizovaa marehemu mume wake miaka yote ya kiwandani, kulikuwa na kitenge chekundu cha harusi yangu na Gracien mwanawe, na shati jeupe la kipaimara la Gracien huyohuyo. Ndani aliweka sweta kuukuu ili lipate joto, na mgongoni akashonea magunia ya unga yaliyofuliwa mpaka yakalainika.

Wakati huo mambo ya Kolwezi yalikuwa yameshaharibika. Mgodi mkubwa ulikuwa umeporomoka, viwanda vilifanya kazi leo na kulala kesho, mishahara ilikuja inapotaka. Watu wakatafuta wa kumlaumu, na waliopaswa kuwatuliza wakawanyooshea kidole watu wa Kasai. Wakubwa wakahutubia. Vijana wakafunga vitambaa vyekundu vichwani. Watu tuliokula nao wakaanza kuwaita majirani zao bilulu, yaani wadudu, na wadudu hawasemeshwi, wanafagiliwa nje.

Binti yetu alizaliwa katikati ya mvua za mwaka huo. Gracien alimpa jina la bibi yake, mama wa Ngalula, Tshibola. Mama yangu alikuwa hajamaliza nusu yake, tukasema tutaunganisha mwezi ujao. Hatukuupata huo mwezi. Vijana wa vitambaa vyekundu waliingia kwetu asubuhi, mbele yao Ngoy, mtu aliyefanya kazi zamu moja na Gracien kwenye kiwanda cha kusafishia madini, mtu aliyekula ugali mezani kwangu. Walimpiga Gracien mbele ya mama yake. Tulitoka na nguo za mwilini, sufuria moja, na Ngalula amekumbatia nusu yake ya blanketi. Cherehani ilibaki. Jioni ileile mke wa Ngoy alikuwa anapika jikoni kwangu.

Walitupeleka stesheni kungoja treni ya Kasai. Watu walikuwa maelfu, wamelala chini kati ya reli na uzio wa waya, wengine chini ya maturubai, wengi chini ya mbingu tupu. Treni ikaja, ikajaza watu mpaka juu ya paa, ikaenda, na waliobaki wakangoja nyingine kwa majuma mengi. Surua iliwashika watoto. Kila asubuhi kulikuwa na mwanamke aliyekuwa analia, na sisi wengine tulishukuru kwamba si sisi. Ndivyo tulivyokuwa tumekuwa.

Mimi ningeweza kutoka. Hilo lazima nilieleze. Baba yangu na mama yangu wote ni wa Katanga, na Ngoy, ambaye sasa alisimamia mlango wa stesheni, alinikumbusha kila aliponiona.

“Mwadi, weye haina wa Kasai. Toka, enda kwa mama yako. Lakini mutoto ni wa baba. Mutoto atabakia.”

Nilimtemea mate miguuni. Akacheka.

Mvua zilipokwisha, baridi ikaingia. Tshibola alianza kukohoa, halafu homa ikampanda, halafu akaacha hata kulia, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Nilimfunga kifuani kwangu ndani ya kitenge, lakini nami nilikuwa natetemeka. Na nusu ya blanketi ilikuwepo, imekunjwa, chini ya kichwa cha Ngalula.

“Mama, nipatie ile bulangeti nimufunike mutoto.”

“Haiyaunganiwa.”

“Mutoto anakufa na baridi, mama.”

“Na akipona, akose nyumba ya baba yake? Batu banatufukuza ku manyumba yote, na mi mwenyewe nimufukuze mu ile inabakia? Hapana. Tunangoja Adolphine.”

Nilimchukia. Nalisema wazi, siku zile nilimchukia yule mama kuliko nilivyomchukia Ngoy. Nilimwambia kwamba sweta zake zimelala usingizi mtamu huku mjukuu wake anakauka. Gracien, aliyekuwa na mbavu zilizovunjika na hawezi kuinama, aliniambia nimheshimu mama yake. Ngalula mwenyewe alivua sweta aliyokuwa amevaa, ya pekee, akamvika mtoto, akakaa na blauzi tupu katika upepo ule. Blanketi hakuligusa.

Mama yangu alifika siku treni ilipotangazwa. Alikuwa amekuja mara nyingi na kurudishwa, lakini safari hii alikuja na nusu yake imekamilika, na chupa ya pombe ya kumpa Ngoy mkononi. Alisimama nje ya uzio.

“Ngoy, mwana yangu, tuache tushone bulangeti ya mutoto. Ni kitu ya bamama. Basafiri nayo.”

Ngoy alipokea chupa. Alitujua, mama yake mwenyewe alikuwa wa foyer. “Mushone,” akasema. “Weye kule inje, ye huku ndani. Mutu asipite.”

Waya wa chini wa uzio ulikuwa umelegea, ukiuinua kitambaa kinapita. Wakaketi, mama yangu mavumbini upande wa nje, Ngalula mavumbini upande wa ndani, na mahali pa mshono palikuwa chini ya waya kabisa. Mama alianza ncha ya kushoto, Ngalula ncha ya kulia. Nilikaa karibu, Tshibola mapajani. Hawakuchokozana. Mama alipoona mikono ya Ngalula, jinsi ilivyokonda, alishona huku machozi yanamdondokea kwenye vipande.

Ngoy alipita mara mbili tatu, akatazama, akaona bibi wawili na kitambaa kinachovutwa huku na huku chini ya waya. Akachoka kutazama, akarudi mlangoni kwenye chupa yake.

Ndipo treni ilipopiga honi, na watu wote wakainuka kwa pamoja. Gracien alishaenda mbele kututafutia nafasi. Kati ya sindano ya mama yangu na sindano ya Ngalula palibaki nafasi kama kiganja.

Ngalula aliacha kushona. Alikata uzi kwa meno na kuchomeka sindano kwenye ukosi wa blauzi yake. Akanitazama, akatazama mabehewa, jinsi watu walivyokuwa wakikanyagana milangoni, akamtazama mtoto.

“Munyonyeshe,” akaniambia.

Tshibola alivuta kidogo, akaachia. Ngalula akamchukua, akamlaza juu ya blanketi, akaanza kumkunjia upande huu na upande ule, kama mtu anayekunja nguo za kuhamia. Nilimshika mkono.

“Mama, mishono haiyakutana.”

“Niko naona.”

“Ulisema atapoteza nyumba.”

“Moja,” akasema. “Anapoteza moja. Basi apoteze yangu.”

Mama yangu, ng'ambo ya waya, alifunika mdomo kwa mkono. Alikuwa ameelewa kabla yangu. Ngalula akauinua waya wa chini, akasukuma bunda, na mama akalivuta kwake taratibu, kama alivyokuwa akivuta kitambaa asubuhi nzima. Mtoto mwenye nguvu angelia. Wetu hakuwa na nguvu, na kwa mara ya kwanza nilimshukuru Mungu kwa homa ile. Mama aliliweka bunda kichwani, akaanza kutembea kuelekea barabarani, bila haraka.

“Na weye sasa,” Ngalula akaniambia, “enda ku mulango. Unitukane. Kwa nguvu, Ngoy asikie, asikuulize kitu. Gracien nitamwelezea mi mwenyewe mu treni.”

“Siwezi, mama.”

“Maziwa iko kwako. Enda.”

Nilikwenda. Kutoka pale hadi mlangoni nilipiga kelele. Nilisema nimechoka na Kasai yao, nimechoka na mwanamume asiye na kazi wala nyumba, wachukue mtoto wao wakafie naye mbele. Nikasema na lile neno. Bilulu. Sikuwa nimewahi kulitamka, na lilitoka kirahisi, hilo ndilo linaloniuma. Ngoy alipiga makofi, akanifungulia mlango mwenyewe. Nilipogeuka niliona Gracien amesimama kwenye ngazi ya behewa, mkono kwenye mbavu, ananitazama. Alikuwa amesikia kila kitu. Nilishindwa hata kumpungia, maana Ngoy alikuwa anatazama.

Kisha umati ukamfunika, na Ngalula sikumwona tena.

Tshibola alipona. Mama alimlaza kifuani ndani ya lile blanketi, mchana na usiku, akamwita kwa jina la kwao Kabongo kila majirani walipouliza ni mtoto wa nani. Homa ilipokwisha nililikunja nikaliweka, nisiongeze mwiko juu ya mwiko, nikangoja habari.

Aliyezileta ni Abibu, mfanyabiashara wa samaki wakavu, Mwislamu, ambaye alisafiri na mizigo yake kwa treni ileile. Alikaa kwenye kiti cha mama yangu, akakataa chai mpaka aseme. Ngalula alisukumwa kwenye behewa la nyuma, pamoja na mizigo. Mwanawe alikuwa mbele, na hapakuwa na njia ya kupita kati ya watu. Alikuwa na blauzi tupu. Abibu alimpa gunia ajifunike, lakini kifua kilikuwa kimeshamkamata. Kila treni iliposimama aliomba wamwitie Gracien, ana neno la kumwambia. Alikufa kabla hawajafika Kamina, na wakamzika kando ya reli pamoja na wengine.

“Alinipatia hii,” Abibu akasema. “Alisema, ni ya ule mama wa nusu ingine.”

Ilikuwa sindano, na kipande cha uzi bado kimo.

“Na Gracien?” nikamuuliza. “Alimwona? Alimwambia?”

Abibu alitazama chini. “Mi njo nilimupasha habari ya kifo, ku Kamina. Lile neno la mama yake, mama Mwadi, mi sikulijua.”

Nilituma salamu kwa kila aliyekwenda upande wa Kasai: kwa madereva, kwa mapadri, kwa wanawake wa biashara. Niliwaeleza yote, neno kwa neno, wamweleze. Wengi hawakurudi. Mmoja alirudi, mwaka uliofuata, baridi ilipokuwa imeanza tena. Alisema amemwona Gracien huko Kasai, katika mji wa Mwene-Ditu, anatengeneza baiskeli. Alimfikishia maneno yangu. Gracien alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema hana mke Kolwezi wala mtoto. Mke aliyekuwa naye, alisema, alimsikia kwa masikio yake mwenyewe, na mama yake hayupo wa kumwambia vingine.

Mama yangu alilia sana. Alikuwa ameichomeka sindano ya Ngalula mahali mishono ilipokoma, ukingoni mwa lile tundu la kiganja, na hakushona hata mshono mmoja zaidi, mpaka anakufa. Alisema huko si kwake. Mimi siku ile sikulia. Tshibola alikuwa amelala mkekani na upepo unaingia chini ya mlango. Nililitoa blanketi, nikamfunika mpaka shingoni, mbele ya yule mgeni, na sikuogopa mwiko wowote. Nyumba ya kupoteza ilikuwa imeshapotea.