Ukuta Usiofika Juu

Fundi wa mitambo ya hewa alikuwa binti aliyelelewa na mjomba wake, na mjomba huyohuyo ndiye aliyejenga wodi mpya ya kifua kikuu. Hospitali ilipomwita kuipima, alimweleza mganga mkuu udugu wao mapema. Mganga akacheka. "Basi utampima kwa huruma."

"Nitampima kwa vihisi."

Alivibandika ukutani, visanduku vidogo kama kiberiti: chumba cha wagonjwa, koridoni, hadi chumba ambamo wauguzi wangenywea chai. Kila kimoja kilituma vipimo kwenye simu yake. Akafunga milango, akawasha feni ya paani. Chumba cha wagonjwa kilipaswa kunyonya hewa peke yake, ili kikohozi kisitoke nje. Kumbe kila feni ilipovuta, chumba cha chai nacho kilivutwa. Akazima, akawasha tena. Ikawa vilevile. Vyumba viwili vilikuwa vinapumua kwa pua moja; ukuta kati yao ulikuwa na upenyo mahali.

Mjomba akaingia na viatu vinavyong'aa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mwanangu, waziri anakuja kesho kukata utepe. Hivyo vidude vyako vibovu."

"Vyote kwa mpigo?"

"Damu nzito kuliko maji, mama."

"Hewa haijui damu ya mtu, mjomba. Inapita tu."

Mjomba akamsogelea, akashusha sauti. "Nani alikulea?"

"Ni wewe. Nikinyamaza, mtoto wa mwenzio ataugua kwa ukuta wako."

"Fungasha vitu vyako."

"Sifungashi."

Mjomba akatoka, na punde swichi kuu ya nje ikalia, umeme ukakatika. Feni ikanyamaza. Fundi hakuwahi kumbishia mzee yule hata kwa chumvi ya mboga. Hata hivyo akaenda stoo, akaburuta ngazi, akamwita muuguzi mkuu, mama mwenye mwili na maneno machache. Akapanda, akasukuma kipande cha dari.

Ukuta uliishia palepale, juu kidogo ya dari. Kutoka hapo hadi zege palikuwa wazi, uchochoro mmoja juu ya vyumba vyote.

"Shuka, nione mwenyewe," alisema muuguzi mkuu. Ngazi ikalia chini yake. Akachungulia kwa muda mrefu.

"Kumbe tungekunywa chai na vikohozi vyao!"

Alishuka, akawatoa mafundi wa mjomba waliokuwa wakimalizia kazi, akafunga wodi kwa ufunguo na kuutumbukiza kifuani. Mjomba aliporudi akifoka, muuguzi alimjibu bila kugeuka: "Waziri akitaka utepe, akaukate getini."

Mganga mkuu aliitwa, naye akapanda ngazi. Hakucheka tena. Sherehe ikaahirishwa, waashi wakarudi na matofali, kuta zikapandishwa hadi zege. Fundi alipopima upya, chumba cha wagonjwa kilinyonya hadi mlango ukawa mzito kuvuta, na vipimo vya chumba cha chai havikutikisika.

Jumapili alikwenda nyumbani kwa mjomba kama kawaida, ingawa aliambiwa na binamu zake asithubutu. Akamwamkia. Mjomba hakuitika, akainuka mezani na kwenda uani.

"Usimfuate," mke wa mjomba alinong'ona. "Atapoa."

"Simfuati, mama. Nilichokisema sikirudishi, na njaa inaniuma."

Akavuta kiti kilichokuwa chake tangu utotoni, akanawa, akala.