Koili ya Chini

Tap!

Sauti ilinifikia nikiwa bado nje ya mlango, mkoba wa vifaa begani, tope la njia ya kijiji cha Ulaya kwenye viatu. Ikafuata sauti ya dada yangu kutoka jikoni.

"Imeruka tena! Kaka, ni wewe huyo? Ingia uone balaa."

Nilitoka Mikumi kuja Kilosa kwa basi la alfajiri na sasa ilikuwa saa tatu. Siwema alisimama katikati ya jiko, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko, mbele yake beseni la donge lililoanza kuumuka. Oveni ya mama ilikuwa mahali pake, kishikio cha mlango kimefungwa kipande cha kanga ili kisiunguze. Ilikuwa inang'aa kuliko nilivyowahi kuiona. Nililitazama hilo na sikulifikiria.

Jumapili iliyopita tulimaliza arobaini ya mama. Kwa miaka sita mikate yake ilikwenda Mikumi, kwenye lodge ya watalii ninakofanya kazi ya umeme. Tangu afe hakuna aliyeoka. Jana mpishi wa lodge, Laurent, aliniita pembeni akaniambia bila kuzunguka: mikate thelathini ikifika kwa basi la saa nane leo, kazi inabaki kwa dada yako. Isipofika, kuanzia kesho anaagiza Morogoro. Siwema hakuwa na kazi nyingine, wala hakuitaka nyingine.

"Inakaa dakika mbili," alisema, "halafu inakata umeme nyumba nzima."

"Umechomeka friji?"

"Nimechomoa friji, nimechomoa tivii, nimechomoa hata chaja. Unadhani mimi mjinga?"

"Nimeuliza tu."

"Fundi mzima wa Mikumi, unawawashia wageni viyoyozi, sasa oveni moja isikushinde."

Siku nyingine ningemjibu. Mimi si mtu wa kuambiwa neno nikalimeza. Fundi nimejifundisha mwenyewe, kwa kufungua na kuunguza, na sijawahi kumpigia mtu magoti anionyeshe waya. Lakini tangu mazishi nilikuwa kama ulimi uliodungwa sindano ya ganzi ya jino: najua upo, nauuma, hauumi. Watu walisifu kwamba sikulia. Walidhani ni uanaume.

Niliinua macho kutafuta ubao wa breka, nikakutana na nyaya mbili zinazoning'inia darini, juu kabisa ya oveni, ncha zimezungushwa utepe mweusi. Utepe nilizungusha mimi, mwaka jana, mwezi wa kwanza. Mama alikuwa akioka kabla ya adhana, simu yenye tochi ameibana kwenye meno ili aone rangi ya mikate. Nilimwambia, "Jumapili ijayo naleta taa." Jumapili zilipita, nyaya zikabaki.

Nikashusha macho, nikafungua mkoba.

Nilipandisha breka, nikachomeka birika kwenye soketi ya oveni. Maji yakachemka, breka ikatulia. Soketi nzima, basi. Nikahamishia oveni kwenye soketi ya sebuleni kwa waya mrefu. Dakika mbili. Tap! Ugonjwa ulikuwa ndani ya oveni yenyewe. Nikaifungua mgongo, nikatenga koili, yale machuma yanayotoa moto, ya juu na ya chini. Kwa koili ya juu peke yake, oveni ilipata moto na kukaa. Kwa koili ya chini, tap! Nikaitoa hiyo ya chini, nikagusisha mita ya kupimia umeme kwenye ncha yake na kwenye bomba lake la chuma. Kwa koili nzima mita hukaa bila kusema. Hii ilitoa namba. Umeme ulikuwa unavujia kwenye bati la oveni.

"Imekufa?" Siwema aliuliza.

"Inavuja."

"Kilosa nzima huwezi kupata nyingine?"

"Ya ukubwa huu, labda Morogoro. Kesho."

Alilibonyeza donge. Lilishuka, likaanza kupanda tena taratibu. "Hili halingoji kesho."

Nilirudisha koili na kutazama waya wa kijani na njano uliofungwa kwenye bati. Ethi, waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Kila fundi wa mtaani anaijua hiyo njia: ukate, breka haitaona kitu, oveni itawaka mpaka mikate iive. Na bati lote litakuwa na umeme, likimngoja mtu. Niliijua hesabu hiyo vizuri kama jina langu, Mwinshehe, na bado niliichukua koleo. Sikusita hata kidogo. Hilo ndilo lililonishangaza baadaye. Siwema alikuwa ameegemea mlango wa oveni, akiupangusa kwa kiganja kilicholowa.

"Hodi humu!"

Alikuwa Limi, jirani yetu, mke wa mzee Machibya. Wao walikuja na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa wakati mimi nikiwa darasa la tatu, na tangu hapo maziwa ya nyumba yetu yametoka kwao. Leo pia alibeba kibuyu.

"Shikamoo, mama Shimba," nilisema, koleo mkononi.

"Marahaba, baba. Umetutembelea! Mbona mmelipasua sanduku la watu?"

"Linakata umeme, mama," Siwema alisema.

"Linakataje? Mbona nimeliosha mwenyewe?"

Nikageuka. "Umeliosha?"

"Si Jumapili, tulipokuwa tunatoa vyombo vya marehemu nje? Wenzangu walifua nguo na mashuka, wengine wakasugua masufuria. Nikasema hili nalo alilishika kila siku, litaachwaje na masizi? Nikalitoa uani, nikalimwagia ndoo mbili. Ndani, nje, na yale machuma yake. Nilitumia steliwaya, baba! Yule mama yenu alinipokea nikiwa sina hata mwiko."

Alisema hivyo akitabasamu. Ndoo mbili za maji! Kwetu huoshwa chochote alichogusa marehemu, ndivyo tulivyo, na hakuna aliyewahi kuwa na marehemu mwenye oveni. Maji yalikuwa yameingia kwenye ncha za koili, na mvua za masika hazikuyapa nafasi ya kutoka.

Maneno yalinijia mdomoni, makali, yamejipanga. Siwema aliniona akatikisa kichwa mara moja. Nikatazama mikono ya Limi. Vidole vilikuwa bado na michubuko ya steliwaya.

Niliweka koleo chini.

"Uliosha vizuri, mama. Ila limebaki na maji ndani. Tusaidie kulikausha."

"Basi hilo tu ndilo mlilonunia?" Akamgeukia Siwema. "Washa mkaa. Si moto wa nyama, moto wa mahindi."

Tuliitoa tena ile koili, tukaiweka juu ya makaa yaliyofunikwa majivu. Nilitaka kuigeuza mwenyewe, akanipiga mkono.

"Wewe utaiunguza. Vijana mna haraka hata na kuni."

"Mama, mimi ndiye fundi."

"Fundi wa umeme. Huu ni mkaa."

Aliigeuza kama muhindi wa kuchoma, kidogo kidogo, mvuke mwembamba ukitoka kwenye ncha. Siwema alibonyeza donge mara ya pili, akaanza kulikata. Saa nzima ilipita, na nusu yake. Koili ilipopoa nikaigusisha mita. Haikusema kitu. Nikasubiri. Haikusema kitu. Nikaifunga mahali pake, waya wa ethi nikaukaza mpaka skrubu ikalia, nikapandisha breka.

Dakika mbili. Tano. Kumi.

"Haya," alisema Limi, akajifunga kanga yake, akaenda kutazama ndama wake.

Mikate ya kwanza iliingia saa tano na nusu. Harufu ilipotoka, ile ile, nilisimama nikingoja kitu kinishike. Nilidhani sasa ndipo nitakapolia. Hakikuja. Nilianza kukusanya vifaa vyangu kimoja kimoja, bisibisi, mita, utepe.

Siwema aliinama mbele ya oveni. Nje mawingu yalikuwa yamefunga na jiko lilikuwa na giza. Akawasha tochi ya simu, akaibana kwenye meno, akafungua mlango na kuchungulia rangi ya mikate.

Mkono wangu ukasimama juu ya zipu ya mkoba.

Alifunga mlango, akatoa simu mdomoni. "Utaondoka na basi hilo hilo la mikate?"

"Ndiyo. Kesho niko zamu." Nikatazama darini. "Hiyo taa, Siwema. Jumapili nitaileta."

"Na yeye ulimwambia Jumapili," alisema. Hakuwa na hasira. Alikuwa anapanga mikate kwenye boksi.

Nilivuta kiti, nikapanda, nikaanza kubandua utepe mweusi kwenye nyaya. Ulikuwa umegandamana kwa mafuta ya miezi yote ile.

"Mikate itangulie," nilimwambia. "Nitampigia Laurent, naye atafute wa kushika zamu yangu. Taa naifuata sokoni sasa hivi. Nakuahidi, Siwema, sitoki Kilosa kabla haijawaka."