Malai ya Milunka

Nianze na choo, maana kazi yangu inaanzia hapo. Wiki mbili za Januari nilipita nyumba kwa nyumba na daftari langu, nikiwauliza watu wazima walionifuta kamasi nilipokuwa mtoto: mkojo wako una rangi gani? Kinyesi je, kimepauka? Ukitoka chooni unanawa? Na wote wananawa, wote! Ukiwasikiliza watu wa mji wetu utadhani wanazaliwa na sabuni mkononi. Halafu unaomba kunawa mikono yako mwenyewe, unakuta sinki limejaa mifupa ya nguruwe, na sabuni yenyewe imepasukapasuka, haijaguswa tangu kiangazi. Ptuu.

Watu kumi na tisa walikuwa na macho ya manjano. Homa ya ini, ile inayotoka kwenye kinyesi cha mmoja na kuingia mdomoni mwa mwingine. Hakuna namna ya kulisema hilo kwa adabu. Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni katika jiji la Niš, nasomea kudhibiti magonjwa ya kuambukiza, na mwalimu wangu alinituma huku kwa sababu ni kwetu. "Wewe watakufungukia, Stanija," alisema. Walinifungukia kweli. Siku ya kwanza tu, wote kumi na tisa walinitajia jina moja: Milunka.

Milunka ni mjane anayeuza jibini na malai ya chumvi sokoni, meza ya tatu ukiingia. Wote walikuwa wamekula malai yake. Shangazi Radojka, aliyenilea na ambaye nilikuwa nalala kwake, alinieleza huku amekunja pua: "Nimemwona kwa macho yangu haya, mwanangu. Anajikuna huko chini, kisha mkono huohuo puu, ndani ya ndoo ya malai! Na kucha zake, nyeusi tii!" Mwili ulinisisimka. Kesho yake nikaenda na mkaguzi wa afya, tukaifunga meza kwa utepe. Milunka hakubisha. Alisema tu, "Daktari, mimi nina ng'ombe wawili na meza hii. Sina kingine." Mimi nikawa naangalia kucha zake. Niliona weusi, au nilidhani nimeuona.

Mwalimu wangu ana neno analolirudia mpaka linakera: usiwaulize wagonjwa peke yao, waulize na wazima. Basi nikarudi kuwauliza wazima. Loo! Mji mzima unakula malai ya Milunka. Nyumba thelathini na mbili zilikuwa zimeikomba mpaka ndooni, na hakuna hata mmoja aliyepatwa na kichefuchefu. Nikahesabu siku kurudi nyuma, maana ugonjwa huu hukaa mwilini karibu mwezi kabla ya kujionyesha. Nikaangukia tarehe kumi na tisa Desemba, siku ya Mtakatifu Nikola, anayesherehekewa na ukoo wetu. Mimi sikuwepo, nilikuwa na mtihani. Lakini wagonjwa wote kumi na tisa walikuwepo, nyumbani kwa Shangazi, na wote walifika baada ya saa saba mchana. Waliokuja asubuhi walikuwa wazima. Nilihesabu mara tatu nikitumaini nimekosea.

Nilimkuta jikoni anaviringa nyama kwenye majani ya kabichi.

"Shangazi, vile vijiko vya ngano ya sherehe viko vingapi?"

"Ishirini na vinne. Vya fedha, vya marehemu mama. Kwani unataka kuolewa?"

"Na wageni walikuwa wangapi?"

"Sabini na ushee! Nani mwingine mji huu anapata sabini?"

Kwetu mgeni wa siku hiyo haketi kabla hajaonja ngano. Unamshikia sinia mlangoni: bakuli la ngano tamu, glasi ya vijiko safi, glasi ya maji. Anajifanyia ishara ya msalaba, anachota kijiko kimoja, anakila, kisha kijiko anakitumbukiza kwenye maji.

"Vijiko vilipoisha ulifanyaje?"

Mikono yake ikasimama. "Ulitaka nimwache mkuu wa shule amesimama mlangoni kama ombaomba, mimi niko naosha vyombo? Nilivitoa kwenye maji, nikavipangusa vizuri, nikavirudisha."

"Maji yaleyale? Kutwa nzima?"

"Yalikuwa maji safi!"

"Na kitaulo kimoja?"

"Cha kitani! Nilikitarizi mwenyewe!"

Niliiona ile glasi, mawingu ya ngano na mate ya watu sabini, na mmoja wao ametoka chooni hajanawa akaja kushika kijiko. Yeye Shangazi aliugua ugonjwa huu utotoni, haumpati tena. Alinisogelea, akashusha sauti.

"Andika Milunka, mwanangu. Ameshafungiwa tayari. Ana nani wa kumlilia? Mimi nina ukoo, nina jina."

"Na ule mkono uliouona ndooni?"

"Aa, mkono, mkono! Kila anayekamua ng'ombe si ana mkono?"

Hakuwa ameona kitu. Vijiko vilinitia kichefuchefu, lakini hili lilinifanya nimwonee kinyaa mtu aliyenilisha tangu nina miaka minne. Niliandika yote: nyumba ya Radojka, vijiko, saa, idadi. Nikatia saini. Jioni ile nilikuta begi langu nje, kwenye theluji.

Utepe ulitolewa Jumamosi, siku ya soko. Milunka alikuwa ametandika kitambaa cheupe, ndoo zake zinang'aa, na watu walikuwa wanapita upande wa pili. Taarifa yangu ilikuwa imebandikwa ukutani, wameisoma, na bado walikuwa wanapita upande wa pili. Aliponiona aliniita kwa sauti kubwa ili wote wasikie.

"Daktari! Njoo uwe wa kwanza. Wakikuona wewe unakula, watakuja."

Alikata mkate wa moto, akaupaka malai nene. Muuza nyama alisimama kisu mkononi. Mkuu wa shule naye, macho bado ya manjano, alisimama. Soko zima lilikuwa linaniangalia mdomo.

Damu ya Milunka niliipeleka kupimwa mimi mwenyewe; hana kitu. Malai yake ni safi kuliko jiko la mama yeyote mji ule, nimethibitisha kwa hesabu, na saini ni yangu. Nikauma mkate. Hapo ukaja ule mkono. Unajikuna huko chini, unaingia kwenye ndoo. Mkono ambao hakuna mtu aliyewahi kuuona! Nilijilazimisha kumeza, koo likagoma. Nikainama, nikatapika kwenye theluji mbele ya meza yake.

Nilipoinua uso watu walikuwa wanaondoka. Milunka hakunitukana. Alichukua ule mkate mkononi mwangu, akauweka chini ya meza, akaanza kufunika ndoo zake.