Kwato za Kulungu

Siku niliyolifagia jangwa, mwenzangu Nicanora alisimama ukingoni, akanikuta nimepiga magoti kwenye tope lililokauka, ufagio wa jikoni mkononi.

"Kwako umeshamaliza kufagia, mama?" akauliza.

"Kwangu hakujaibiwa kitu. Natafuta mashimo."

Yalikuwa hivi. Miaka thelathini nimezunguka vilima vya huku Matehuala nikitafuta madungusi, mimea ya miiba ya jangwani, na kuyaandika daftarini: miiba mingapi, ua rangi gani, limejificha chini ya kichaka kipi. Sing'oi hata moja. Nachukua jina lake tu, narudi nyumbani. Nililolipenda kuliko yote ni dogo tuitalo ukwato wa kulungu. Halina mwiba wala majivuno. Limelala sawasawa na ardhi kama alama ya mguu wa mnyama aliyepita alfajiri. Yote yaliyobaki upande wetu yalikuwa hapa, kwenye bwawa la Las Ánimas, ambalo huona maji majuma mawili kwa mwaka, mwaka ukiwa na huruma.

Novemba, maua yake ya rangi ya waridi yalipofunguka, alikuja bwana mmoja mwenye kofia mpya. Alikula gordita zangu nne, vile vikate vinene vya mahindi, akaniita profesa. Mimi, niliyeishia darasa la nne! Kusikia uprofesa tu, nikamwongoza mpaka bwawani mwenyewe, kama mbuzi anayemwonyesha fisi zizi.

Juni nikarudi. Bwawa jeupe, tupu, halina hata ukwato mmoja. Tangu siku hiyo chakula kikawa mchanga mdomoni. Yule bwana nilimlaani asubuhi na jioni. Ulimi wangu nikaulaani katikati.

"Mwizi huchimba," nikamweleza Nicanora, "upepo ukafukia. Nataka kuona alipochimba, nijue nimeua wangapi."

"Basi fagia na pale, umeruka."

"Shuka ufagie wewe."

"Mimi nimekuja kucheka, sikuja kufanya kazi."

Nikafagia alipoonyesha. Vumbi likaondoka, laini kama unga wa mahindi, na chini yake ufagio ukakwama kwenye kitu kigumu. Nikaweka kiganja. Pembe ndogo ndogo, zimejipanga duara, katikati kuna manyoya kama ya kifaranga: ukwato wangu, mzima.

Nilifagia pembeni yake: mwingine. Mbele: watatu.

Hakuna shimo hata moja.

Mvua ilikuwa imetunyima miaka miwili, nao, kwa akili zao, walijivuta chini kwa mizizi wakajifunika. Nami sikujua! Miaka thelathini nimewatembelea wakati wa maua tu, kama jamaa anayeonekana siku ya harusi. Nikakaa kitako, pumzi niliyoishika majuma matatu ikatoka kwa kishindo, hata Nicanora akashuka mbio.

"Unakufa?"

"Nacheka, mpumbavu we."

Machozi yalikuwa yakinitiririka mpaka kidevuni. Akakaa kando yangu, akagusa manyoya yale kwa ncha ya kidole.

Baadaye akasema, "Na yule uliyemlaani?"

"Akirudi nitampa gordita tano."

"Na akiuliza njia ya huku?"

Nikainuka, nikageuza ufagio, nikaanza kulirudisha vumbi taratibu, kila mmoja shuka lake.

"Sasa unachafua tena?"

"Shusha sauti," nikamwambia. "Wamelala."