Tuta Chini ya Lenta

Mdogo alikuwa mtu mzima. Mvi zilishaanza kumchungulia kidevuni na magoti yalimlalamikia kila akichuchumaa, lakini mtaa mzima ulimwita Mdogo, kwa sababu kaka yake alimwita hivyo, na neno la Kaka halikuwa na rufaa. Wateja wakija karakana walizungumza na Kaka, wakakubaliana na Kaka, halafu wakamwonyesha yeye kwa kidole na kuuliza kama huyu Mdogo ndiye atakayefunga. Naye alikuwa akiitika. Alishazoea kuitika, na mazoea hayo ndiyo yaliyokuwa yakimkereketa rohoni.

Tuseme ukweli, Kaka hakuwa mtu mbaya. Baba yao alipofariki, ni yeye aliyeacha shule akashika mashine ya kuchomelea vyuma. Alimlea Mdogo, akamtia kwenye ufundi wa magari, akajenga nyumba kwa mikono yake: karakana uani, vyumba pembeni, na juu ya njia ya kuingilia akamjengea Mama chumba. Njia yenyewe ilikuwa nyembamba kiasi kwamba dereva akipita huwezi kumfungulia mlango. Upande wa uani ililala lenta, boriti nene ya zege, na juu ya lenta hiyo kitanda cha Mama. Hakukuwa na pengine pa kutokea. Kaka alijivunia hilo. Mwizi atapita wapi, alikuwa akiuliza wageni, na wageni walitikisa vichwa kwa kumkubali. Mdogo naye alikuwa na swali la kwake kuhusu njia ile, ila hakuwahi kulitoa mdomoni.

Kila alipogusia kuondoka akajitegemee, Kaka alikuwa na jibu moja: subiri kidogo. Subiri kidogo tumalize paa. Subiri kidogo Mama apate nafuu ya miguu. Subiri kidogo, huyu mteja ni wa maana. Ujana wa mtu ukakatika hivyo hivyo, kidogo kidogo, na hakuna aliyeona ubaya.

Safari hii hakuomba ruhusa. Kulikuwa na wapima ardhi waliokuwa wakielekea milimani, na walitaka dereva mwenye gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Ilikuwa kazi ya muda mrefu, ya kulala huko huko. Mdogo alikuwa na gari lake la namna hiyo, kuukuu lakini zima, limekaa uani likikusanya vumbi. Msimamizi wa wapimaji akaja, akainama, akalichungulia tumbo. Akasema gari ni zuri ila liko chini mno; mawe ya huko yatalipasua. Likiinuliwa, kazi ni yake. Msafara ungeondoka Jumatatu adhuhuri, na ambaye hatakuwepo nafasi yake atapewa mwingine.

Mdogo alifanya kazi, si mchezo. Alizitoa springi za zamani, vile vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, vilivyochoka hadi vikapinda kinyume. Akafunga mpya, nene, na za nyuma akaziongezea chuma kimoja, kwa kuwa nyuma ndiko kungekaa mapipa ya maji na vyombo vya wapimaji. Akaweka shokapu ndefu. Akabadilisha paipu za breki pia, kwani aliwajua mafundi wanaoinua gari wakasahau paipu: gurudumu linazama shimoni, paipu inavutika, inakatika, na dereva anabaki na Mungu wake. Boliti hakuzikaza gari likiwa juu ya jeki. Alisubiri lisimame kwa uzito wake lenyewe. Mwisho akavalisha matairi makubwa. Na kabla ya yote hayo, jamani, mtu asije akasema hakupima, alipima. Alipima kutoka chini hadi kwenye lenta, akapiga hesabu, akaona gari litapita na vidole vitatu vitabaki. Kaka ndiye aliyemshikia ncha ya futi. Aliishika, akaangalia, akairudisha bila neno.

Springi za zamani alizipeleka kwa mhunzi siku ile ile azifue mapanga. Hakutaka kitu cha kumrudisha nyuma.

Katikati ya kazi Kaka akasema njia ina matope na inabidi imwagwe zege jipya. Mdogo akatoka chini ya gari, akanawa, akashika mwiko. Akaambiwa lainisha hapa, akalainisha. Akaambiwa ongeza pale, akaongeza. Zege likatoka safi hata Mama akachungulia dirishani kumsifu.

Jumatatu asubuhi alipakia godoro, sanduku la nguo na vifaa vyake. Mama akamwombea, Shemeji, mke wa Kaka, akamfungia chakula cha njiani. Akawasha gari, akalielekeza njiani taratibu, na hapo Shemeji akapiga ukelele asimame. Mdogo akashuka. Ukingo wa paa la gari ulikuwa juu kuliko lenta. Haukuzidi sana, lakini ulizidi.

Walijaribu kila walichojua. Keria ya juu wakaing'oa. Matairi wakayatoa upepo mpaka yakalala kama ndala zilizoisha. Bado. Kuvunja lenta hakukuwezekana, labda Mama ahamie uani na kitanda chake. Kurudisha springi za zamani? Springi za zamani wakati huo zilikuwa zikifyeka nyasi kwenye mashamba ya watu. Shemeji alicheka hadi akajishikiza ukutani, kisha akauona uso wa Mdogo, akanyamaza.

Simu ikaita. Msimamizi alisema wameshaanza kupakia. Mdogo akamjibu kwamba yuko njiani, na hakudanganya sana, pua ya gari ilikuwa njiani kweli. Alijua kabisa kwamba akikosa leo hataondoka tena. Atalitazama gari lile kila siku uani, refu, jipya miguuni, limefungiwa, na watu watakuja na watoto wao kulishangaa.

Springi huzama kwa uzito. Hiyo haihitaji mtu asomee. Akamwomba Kaka vyuma vya stoo. Kaka akasema vile vina mwenyewe, mteja anakuja kuvichukua leo. Mteja huyo hakuna aliyewahi kumwona. Basi Mdogo akawaomba watu. Mama akawa wa kwanza, akapanda kwa kigoda akisema alikuwa na hamu ya kutembezwa tangu zamani. Shemeji, mwanamke mwenye mwili wake na asiyeuonea haya, akaingia naye nyuma. Mdogo akapima. Paa bado lilizidi lenta kwa kidole kimoja.

Macho yote yakamgeukia Kaka, aliyekuwa ameegemea ukuta, mikono kifuani. Kaka alikuwa mtu ambaye kiti chake cha karakana ilibidi akichomelee mwenyewe, maana vya dukani vilikuwa vikimwangusha. Mdogo akamwomba, kwa adabu zote. Kaka akajifuta mikono polepole, akaenda kukaa kiti cha mbele.

Mbele, naam. Kaka hajawahi kukaa nyuma kwenye gari lolote. Kuna harusi aliyoikosa kwa sababu kiti cha mbele kilikuwa na shangazi wa bwana harusi. Pua ya gari ikazama, Mdogo akatia gia, wakaingia njiani wakiwa wamezuia pumzi. Boneti likapita chini ya lenta. Kioo kikapita. Kichwa cha Kaka kikapita. Kisha nyuma, juu yao, zege likang'ata bati kwa mlio wa kutia ganzi meno, na gari likasimama.

Mbele halikwenda. Nyuma halikurudi. Mdogo akazima injini ili moshi usimkabe Mama. Ukuta ulikuwa kushoto, ukuta kulia, na milango ilifunguka kiasi cha kupitisha kiganja tu. Mlango wa nyuma ulikuwa mbovu tangu zamani. Ulikuwa ukifunguliwa kwa bisibisi kutoka nje tu, na uani hakukuwa amebaki mtu. Mbele yao, mwisho wa njia, barabara ilionekana wazi, watu wakipita na shughuli zao. Mmoja alichungulia, akatabasamu, akaenda zake.

Joto likapanda. Shemeji akaanza kumpepea Mama kwa kifuniko cha chakula. Simu ikaita tena, na Mdogo akaiacha iite.

Alijua tatizo liko wapi. Nyuma kulikuwa na kile chuma cha ziada cha springi, na uzito mkubwa kuliko wote ulikuwa umekaa mbele.

"Kaka," alisema, "pita nyuma."

Kaka akamgeukia taratibu. "Mimi? Nyuma?"

Shemeji akaacha kupepea. Kaka akatazama mbele tena, mikono kwenye magoti, na ikaeleweka kuwa hana haraka. Alikuwa nyumbani kwake. Angeweza kukaa pale mpaka adhuhuri ipite, na mpaka kesho, na hakuna ambaye angemfanya lolote.

Mdogo akatoa kichwa dirishani kadiri ukuta ulivyomruhusu, akaangalia chini. Ndipo akaona. Gurudumu la nyuma lilikuwa limepanda juu ya mwinuko wa zege, mwinuko mpole, uliolainishwa vizuri, uliokaa chini ya lenta barabara. Aliulainisha mwenyewe, baada ya kupima, na vile vidole vitatu vilikuwa vimeliwa hapo. Alikumbuka mkono wa Kaka ukimwelekeza: ongeza pale. Akarudisha kichwa ndani.

"Kaka, lile tuta ni la nini?"

"La maji."

"Maji yanatoka uani kwenda barabarani. Umeyazibia yasitoke."

Fundi aliyejenga maisha yake yote, asijue maji yanakoelekea! Hasira zilimpanda Mdogo hadi masikio yakamwuma, akataka kushuka, kupiga teke kitu, kuondoka kwa miguu, na hata hilo hakuweza. Kiwiko chake kiligonga ukuta upande huu, na upande ule kikagusana na bega la kaka yake.

"Umenifungia," alisema.

"Nimekulea."

"Umenilea. Halafu ukanifungia. Tena ukanipa mwiko nijifungie mwenyewe."

Jasho lilimtiririka Kaka shingoni na hakulifuta. Aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo, sauti ambayo Mdogo hakuwahi kuisikia kwake. "Ukiondoka, mimi nitabaki na nani pale karakana?"

Mdogo akashika usukani kwa mikono miwili na kutazama barabara. Alimwonea huruma, na huruma hiyo ilimtisha kuliko ukuta, kwa kuwa ndiyo iliyomweka miaka yote.

Nyuma, Mama alikohoa. "Mwanangu mkubwa," alisema, "njoo huku ukae na mimi."

Alisema hivyo tu, bila ukali, akasogea kupisha. Kaka akaanza kupita kati ya viti, na hiyo ilikuwa kazi ya kuonea mtu haya: kiatu kikakwama kwenye gia, shati likachanika kwapani, kiwiko nusura kimtoboe Shemeji jicho. Kwa muda alikwama kabisa, nusu mbele nusu nyuma, akihema, na mkewe akamvuta kwa mkanda wa suruali. Hakuna aliyecheka. Akaangukia kati ya wanawake wawili, magoti yamemfika kidevuni, na Mama akamshika mkono. Gari likazama. Juu, bati likaachana na zege.

Mdogo akawasha, wakatoka mpaka barabarani, kwenye mwanga na vumbi.

Akamfungulia Shemeji mlango wa nyuma kwa bisibisi, Shemeji akashuka, gari likapanda kidogo. Akamteremsha Mama, likapanda tena. Kaka akawa wa mwisho, na alipoachilia gari sehemu ya nyuma iliinuka, ikaendelea kuinuka, hata Mdogo mwenyewe akashangaa urefu wake. Kaka alilitazama paa, akaitazama njia.

"Hili halirudi ndani tena," alisema.

"Halirudi."

Kaka akajipapasa mifukoni kana kwamba ametafuta kitu akakikosa. "Lile tuta nitalichonga. Gari litapita. Subiri kidogo, nikachukue patasi." Akageuka, akaingia njiani kwa haraka, shati limechanika.

Mdogo akamtazama Mama. Mama hakusema aende, hakusema abaki. Alimtengeneza kola, basi. Mdogo akapanda, akaendesha kwa matairi yale yaliyolegea mpaka kwa mjaza upepo wa kona, akasimama. Pampu ilinguruma, gurudumu moja baada ya jingine likakaza. Pampu iliponyamaza alisikia nyundo kutoka nyumbani, inagonga patasi, inatua, inagonga. Aliujua mkono ule. Mjaza upepo akamwuliza kama kuna ujenzi kwao. Akajibu ndiyo, upo.

Simu ikaita, akapokea, akasema anakuja. Kisha akaingia garini na kuondoka kabla nyundo haijanyamaza. Gari lilikuwa gumu ajabu. Kila shimo lilimrusha kitini na kumgongesha meno, maana springi zile alizifunga kwa ajili ya mzigo, na nyuma hakukuwa na mtu.