Mizani ya Mifuniko

"Mifuniko ya sufuria zangu imeota miguu?" Bibi alifoka mlangoni kwa jirani yake, fundi cherehani. "Umemfunza mjukuu wangu wizi!"

"Mama, punguza moto, tazama kwanza."

Ndani, mifuniko miwili ilining'inia kwenye kiango cha nguo, ikawa mizani. Mjukuu wake, ambaye hata salamu ilikuwa humshinda, alikuwa akiwauzia watoto wa fundi viazi kwa malipo ya mawe: "Jiwe lako jepesi! Ongeza! Na usibonyeze kiazi kama hununui!"

Bibi hasira zikamwisha. Watoto wanne, cherehani inanguruma, na hakuna anayelia!

"Mwanangu," alimwambia fundi, "huyu nilidhani atakuwa bubu. Umempa nini?"

"Kiango tu. Mengine kayazua mwenyewe. Una mguu mzuri, mama, chakula kimeiva. Ingia tule."